Simu Inamjua Mama, Haimjui Mtoto

Ukiniletea simu nibadilishe kioo, sina budi kuiwasha na kuijaribu kabla ya kukurudishia. Naigusa huku na huku, nafungua kamera, kisha nacheza video moja ya YouTube nisikie kama spika inatoa sauti. Hapo ndipo nyumba yako inaponisalimia. Juu kabisa kuna mahubiri ya asubuhi. Chini yake nyimbo za watoto. Halafu namna ya kupika makande, halafu kijana anayecheza gemu la Free Fire huku anapiga kelele kama anafukuzwa, halafu kitu cha wakubwa ambacho mtoto wa darasa la pili hana shughuli nacho kabisa. Vyote vimepangwa kwenye ukurasa mmoja, na vyote vimependekezwa kwa mtu mmoja ambaye simu inaamini ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu.

Mimi ni fundi simu hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Shule zikifungwa, Juni na Desemba, kuna ombi linalokuja kibandani kwangu karibu kila wiki: "Fundi, hebu niwekee kitu cha kumzuia mtoto asione mambo machafu." Huwa najibu kwa kuuliza simu ni ya nani. Mara nyingi ni ya mama. Mtoto anaishika akirudi shule, dada wa kazi anaazima awasiliane na kwao, baba akiishiwa salio anapigia hiyo hiyo, na usiku inarudi kwa mama kuangalia kikoba kimefikia wapi.

Ushauri mwingi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo kila mtoto ana kifaa chake na akaunti yenye umri wake. Katika nyumba kama hiyo ulinzi unafanya kazi, kwa sababu kampuni inajua inamhudumia mtoto wa miaka 11. Kwetu mtoto wa miaka 11 anaingia mtandaoni akiwa amevaa umri wa mama yake, na vizuizi vyote walivyotengeneza wazungu kule vinampita pembeni. Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya mzazi wa Pasua au Majengo ni kuhakikisha simu inajua kwamba kuna mtoto ndani ya nyumba. Programu ya kuzuia itafuata baadaye.

Kuna jambo la biashara yetu ambalo wateja hawalifikirii. Simu mpya ya Android haikuruhusu kupakua kitu Play Store bila akaunti ya Google. Mteja hana, au anayo lakini hakumbuki neno la siri, na muuzaji ana foleni. Basi anamfungulia papo hapo: jina, tarehe ya kuzaliwa yoyote, mara nyingi Januari mosi ya mwaka uliokuwa karibu na kidole, na neno la siri analolijua yeye. Mteja anaondoka na furaha yake. Miaka miwili baadaye simu inaibwa au inajiloki, na hapo ndipo anagundua kwamba picha zake, namba zake na historia yake vimekaa kwenye akaunti ambayo hajawahi kuwa na ufunguo wake. Mzazi wa namna hii hawezi kumwekea mtoto ulinzi wowote, kwa sababu kila hatua itamwomba neno la siri asilolijua.

Kwa hiyo tunaanzia hapo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya Google, badilisha neno la siri ukiwa peke yako, weka namba yako ya simu kama njia ya kurudisha akaunti, sahihisha tarehe ya kuzaliwa. Andika neno la siri kwenye daftari, lile la vyeti vya kliniki na risiti za ada. Wataalamu wengine watakwambia usiandike popote. Mimi nimeona watu wengi zaidi waliopoteza akaunti kwa kusahau kuliko walioibiwa daftari.

Baada ya hapo, simu ya kushirikiana inataka mambo ya kawaida tu. YouTube ina kichujio cha maudhui ya watu wazima. Kiko kwenye mipangilio ya jumla ndani ya programu yenyewe na kinawashwa kwa kugusa mara moja. Si ukuta wa zege, vitu vingine vinapita, lakini unaona tofauti. Play Store ina vidhibiti vya wazazi vyenye namba yake ya siri, unachagua umri na michezo ya wakubwa haipakuliki tena. Tecno na Infinix nyingi zina kufuli ya programu, kwa hiyo WhatsApp, galari na huduma ya pesa vinaweza kudai namba ya siri hata kama simu yenyewe iko wazi. Android pia ina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini: unamfungulia mtoto katuni, unaibandika, na hatoki hapo mpaka uweke patani. Wazazi wengi nikiwaonyesha hili la mwisho wanacheka kwa mshangao. Lilikuwa ndani ya simu yao muda wote.

Sasa WhatsApp. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wazazi wanahangaika na mtandao wa mbali wakati uchafu uko mfukoni mwao. Mtoto mdogo mara nyingi hautafuti. Unamkuta kwenye galari. Mama yuko kwenye grupu la ukoo, la kikoba, la kwaya, la kamati ya harusi ambayo harusi yenyewe ilishapita mwaka juzi na hakuna aliyejitoa. Mtu mmoja humo anatuma video ya utani wa kikubwa saa tano usiku. Mwingine anatuma picha za ajali ya basi, miili haijafunikwa, na chini yake ameandika "Mungu atuepushe". Simu inazipakua zenyewe na kuziweka pamoja na picha za ubarikio wa shangazi. Kesho yake mtoto anaomba simu aangalie picha za shangazi.

Dawa yake iko kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu mbili. Moja ni pale pa hifadhi na data: zima upakuaji wa kujiendesha, kila kitu kisubiri mpaka ukiguse. Nyingine ni pale pa soga: zima kuonekana kwa picha na video kwenye galari. Nikimweleza mteja kwamba hii ni kwa usalama wa mtoto ananiambia nitafanya siku nyingine, lakini nikimwambia itaokoa bando anasema fanya sasa hivi. Siku hizi naanza na bando. Ukiwa humo humo, nenda kwenye faragha uweke kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye magrupu ni watu uliowahifadhi tu, na picha yako ya wasifu waione hao hao. Nusu ya kero zinazoletwa kwangu, za namba za nje ya nchi zinazoongeza watu kwenye magrupu ya uwekezaji na mengine yasiyosemeka, huishia hapo.

Pesa nitaipita haraka. Mtoto anayejua namba ya siri ya M-Pesa ya mama anajua kununua almasi za Free Fire na anajua kubeti mkeka. Sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini laini imesajiliwa kwa jina la mama, na kwa mfumo aliyebeti ni mama. Badilisha namba ya siri, usimtume mtoto kukutolea pesa kwa kumtajia, na ukiona shilingi mia tano mia tano zinapungua usianze kumshuku dada wa kazi.

Kinachonipa mawazo zaidi ni kipindi ambacho simu inaacha kuwa ya nyumba na kuwa ya mtoto. Hapa Tanzania kipindi hicho kina tarehe zake. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Miezi mitatu minne, mtoto wa miaka 13 yuko nyumbani, tuisheni saa chache, wazazi kazini, na shangazi wa Dar ametuma zawadi ya simu kwa kumaliza shule. Wa kidato cha nne ni hivyo hivyo: wanamaliza Novemba, kidato cha tano Julai. Wengi wao wametoka bweni, ambako simu ni kosa la kufukuzwa, wanapewa simu nzima na bando la mwezi siku moja. Tumewazuia kabisa, halafu tumewaachia kabisa, na hakuna hatua ya katikati.

Hatua ya katikati naijenga hivi kwa wanaonisikiliza. Simu ya kwanza ifunguliwe na mzazi akiwepo, kwa tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Watoto hawapendi, maana kila rafiki yao amezaliwa 1999. Lakini umri wa kweli ndio unaowasha ulinzi. TikTok hairuhusu walio chini ya miaka 13, na aliye chini ya 16 hapokei ujumbe wa faragha kutoka kwa mtu yeyote, na akaunti yake inaanza ikiwa imefungwa. Kurusha matangazo ya moja kwa moja ni miaka 18. Instagram nayo, kuanzia Septemba 2024, ilianza kuwaweka walio chini ya miaka 18 kwenye akaunti za vijana zenye vizuizi. Mtoto aliyeandika 1999 hapati hata kimoja katika hivi. Kwa macho ya kampuni ni mtu mzima na mtu mzima yeyote anaweza kumwandikia. Google ina programu ya bure ya Family Link ambayo mzazi anaiweka kwake, anaona mtoto amepakua nini, anakubali au anakataa, anapanga saa ya simu kulala. Laini nayo isajiliwe na wewe kama mzazi, kwa taratibu zinazoeleweka, halafu piga *106# uone ni namba ngapi zinabebwa na kitambulisho chako cha NIDA. Kuna watu wamepiga pale kibandani kwangu wakakuta laini wasizozijua.

Kuna kitu ninachokataa kuweka, na nimekosana na wateja kwa ajili yake: zile programu za kusoma meseji za mtoto kwa siri. Kwanza nyingi hazipatikani Play Store, unazitoa mahali pa ajabu, na hujui nani mwingine anasoma pamoja na wewe. Pili, mtoto wa sekondari ataigundua. Akishaigundua anahamia kwenye simu ya rafiki, na sasa humuoni kabisa. Family Link haijifichi; mtoto anajua ipo na mnaweza kubishana juu yake mezani. Ubishi huo, hata ukiwa wa kelele, mimi nauona ni mzuri kuliko upelelezi.

Halafu inakuja Desemba. Anayeijua Moshi anajua Desemba ni nini: barabara ya kutoka Dar imejaa, Himo hakupitiki, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kina moshi wa nyama. Wajukuu wanapandishwa Uru, Kibosho, Marangu, Machame, wanalala wengi chumba kimoja, wa miaka minane na wa miaka kumi na saba. Na bibi ana simu. Watoto wake wa Dar walimnunulia ili aone wajukuu kwa video, nzuri kabisa, haina kufuli kwa sababu bibi anasahau patani.

Mwaka mmoja kabla ya Krismasi alinijia bibi wa huko juu, simu imejaa hata haipokei picha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii kitu inaniambia imeshiba."

Niliifungua mbele yake. Michezo, video zilizopakuliwa, akaunti za watu zaidi ya mmoja, na kisakuzi cha intaneti chenye historia ambayo sikumsomea. Nilimwambia tu kwamba wajukuu wa likizo iliyopita waliacha mizigo. Alicheka, akasema, "Basi itue hiyo mizigo, wanakuja tena Jumamosi." Tuliitua, na nikamwekea kufuli ya alama ya kidole, ambayo haisahauliki. Kisha nikamwomba anipigie binti yake wa Dar niongee naye, kwa sababu mpangilio wa nani anashika simu ya bibi usiku hauwezi kuwa kazi ya bibi peke yake. Yule dada alinisikiliza kwa adabu lakini alishangaa. Yeye nyumbani kwake ana kila aina ya ulinzi. Hakuwa amefikiria kwamba ulinzi wote unabaki Dar wakati mtoto anapanda basi.

Tunawaonya watoto kuhusu mtu wa mbali, Mzungu mzee anayejifanya msichana. Yupo, sikatai. Lakini utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF na ripoti yake ya Tanzania kutoka mwaka 2022, ulionyesha jambo lingine. Asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 nchini walikuwa wanatumia intaneti. Kati ya hao watumiaji, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa wazi wa kingono uliohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja tu, kama kuombwa picha kwa vitisho au picha zao kusambazwa bila ridhaa. Kwa idadi ya watoto tulionao, makadirio yao yalikuwa watoto 200,000. Na mara nyingi mhusika alikuwa mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Walioambia mtu waliambia rafiki, ndugu au mzazi. Polisi na simu ya msaada karibu hawakutajwa.

Hivi ndivyo inavyokuwa kibandani. Nililetewa simu iliyopigwa ukutani. Kioo kimekuwa unga, fremu imepinda. Mama alikuwa mtulivu kuliko inavyotakiwa, na nyuma yake binti wa sekondari amesimama kwenye jua, hataki kuingia kivulini. "Kaka fundi, kuna meseji humo. Polisi wanazitaka." Baba ndiye aliyeirusha. Alikuwa amekuta mazungumzo: kijana wa mtaani kwao, mkubwa, alipata picha ya binti kwa kubembeleza, kisha akaanza kudai nyingine na pesa, la sivyo anaituma kwenye grupu la shule. Hasira ya baba ilikuwa ya haki, ila ilimwangukia shahidi.

Ubao wa ndani ulikuwa mzima. Niliweka kioo kingine, simu ikawaka, meseji zikawepo. Sikuzisoma, nilimkabidhi mama akiwa amekaa kwenye kiti pembeni yangu. Lakini nimeletewa nyingine ambazo mzazi alifuta WhatsApp yote kwa hasira bila chelezo, yaani bila nakala ya akiba, na hapo hakuna fundi, hata awe wa Kariakoo, atakayekurudishia.

Kwa hiyo, mambo yakifika huko, mikono ikae mfukoni kwanza. Usivunje, usifute, usimbloki yule mtu kabla hujapiga skrinishoti za mazungumzo, namba, jina la akaunti, tarehe na saa. Picha yenyewe ya mtoto usiipige skrinishoti wala usiitume kwako, iache ilipo. Usilipe. Anayelipwa anarudi, hilo wanaoshughulika na kesi hizi wanalisema kila mahali. Akikupa namba ya kumtumia pesa, iandike. Ukianza muamala wa huduma za pesa jina la mwenye namba linajitokeza kabla ya kuthibitisha, unalinakili na kughairi. Jina hilo laweza kuwa la mtu aliyeibiwa kitambulisho, hivyo usiende kumvamia na ndugu zako, lipeleke polisi. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ndilo la kuuliza ukifika, ili mtoto asisimulie habari zake kaunta mbele ya watu waliokuja kudai dhamana. Namba 116 ni Simu ya Taifa ya Mtoto, inaendeshwa na shirika la C-Sema, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kukuomba ruhusa. Mwambie hivyo leo, kabla haijahitajika.

Kama picha imeshatoka, kuna huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Kompyuta au simu yako inatengeneza alama ya kipekee ya picha bila picha kutoka mikononi mwako, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa kampuni kama Facebook, Instagram na TikTok ili ziitafute na kuiondoa. Haifiki ndani ya meseji za WhatsApp, na kwetu WhatsApp ndiyo soko kuu.

Ndiyo maana nina ugomvi na wazazi wa magrupu. Picha ya mtoto ikivuja, utaona mama wa watu, mtu wa kanisani, ameituma kwenye grupu la wazazi: "Jamani angalieni watoto wenu, huyu ni wa shule fulani." Anadhani anaonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha au kuwezesha watu kupata picha za ngono za mtoto kupitia mtandao, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Nia njema haikuandikwa humo. Na kabla ya sheria, kuna yule binti, ambaye sasa majirani zake wote wamemuona.

Linaloniumiza ni kwamba yule binti wa simu iliyovunjwa, wiki nyingi kabla haijapigwa ukutani, alikuwa na nafasi ya kusema. Mama yake aliniambia alipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu, "Ungeninyang'anya simu, na baba angenipiga." Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Mimi si mtu wa kuwafundisha watu namna ya kulea. Nimekulia kwenye fimbo kama wengine. Ila kwa kazi yangu nasema: yule anayetishia anajua kuhusu fimbo ya baba. Ndiyo silaha yake. "Nitamwambia baba yako" inafanya kazi kwa sababu baba anaogopwa kuliko mtishaji. Mzazi aliyewahi kutamka wazi, siku ya kawaida, wakati wa kumenya ndizi, kwamba "ukitishwa na mtu njoo, sitakupiga na sitachukua simu", amempokonya yule mtu silaha. Na itabidi ahadi hiyo aitimize siku ikifika, hata kama mkono unawasha.

Kidogo kuhusu sisi wenyewe na statasi. Mtoto amefaulu, unaposti ripoti ya shule: jina kamili, jina la shule, darasa, mkondo. Asubuhi unaposti kavaa sare, nembo ya shule kifuani, gari la shule nyuma lenye namba, na saa imeandikwa juu ya skrini. Kisha unamfundisha asiongee na mgeni. Mgeni gani tena? Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake ipo, lakini hakuna tume itakayokuzuia kumtangaza mwanao mwenyewe. Posti keki. Nembo ifunike kwa kidole.

Na mwisho, mimi na wenzangu. Watu wanamkabidhi fundi simu yenye picha za watoto wakioga, patani imeandikwa kwenye karatasi, wanaenda sokoni kununua nyanya. Wengine wanauza simu iliyotumika bila kuifuta, memori kadi ikiwa bado ndani, na anayenunua anapata albamu ya familia kama nyongeza. Kabla ya kuuza, toa akaunti ya Google, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani, toa kadi na laini. Kabla ya kuleta kwangu, toa kadi na laini ubaki nazo. Kazi ya kioo au ya sehemu ya chaji haihitaji patani yako kwa muda mrefu: subiri kwenye benchi, ifungue wewe nikimaliza, tuijaribu pamoja. Ukiniona nakunja uso kwa hilo, vibanda vingine viko mbele, ukifuata njia ya kwenda stendi.